Kujifunza Kupanda Mawimbi kwa Ubao wa Tanga: Video Hufundisha Nini?

Mchezo wa ubao wa tanga, ambao kwa jina la kigeni lililokwisha kuzoeleka huitwa windisafingi, humsimamisha mtu juu ya ubao usio na usukani na kumtaka auongoze kwa njia mbili tu, yaani kwa kuulaza mlingoti mbele au nyuma, na kwa kuuinamisha ubao wenyewe kwa uzito wa miguu. Jambo hilo linawezekana kwa sababu mlingoti haukukazwa wima kama ule wa ngalawa, bali umefungwa ubaoni kwa kiungo kinachopinda pande zote, na mwanamaji huushikilia kwa upau wenye matawi mawili unaolizunguka tanga kwenye kimo cha kifua. Newman Darby wa Pennsylvania, Marekani, alikwisha kuunda ubao wa namna hiyo mwaka 1964, ingawa waliopata hataza ni Hoyle Schweitzer na Jim Drake wa California, walioiomba mwaka 1968, na ubao wao ndio ulioenea duniani.

Penye maji tulivu, mtu mwenye afya njema na mwalimu mvumilivu hupata misingi ya mchezo huu kwa muda mfupi, lakini kuyaendea mawimbi, kuyavuka yakiwa yanavunjika, kisha kugeuka na kuyapanda yanaporudi pwani, ni elimu ya pekee ambayo hata waliokwisha kuzoea mwendo wa kasi huianza upya. Elimu hiyo ilianza kuchukua sura yake visiwani Hawaii katika nusu ya pili ya miaka ya 1970, hasa baada ya vijana wa Kailua, kisiwani Oahu, kufunga mikanda ya miguu juu ya mbao zao ili nyayo zisibanduke ubao unaporuka. Robby Naish, aliyekulia Kailua hiyohiyo na kutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 13, ni miongoni mwa walioufanya mchezo huo uonekane kuwa unawezekana. Baadaye kitovu chake kikahamia Ho'okipa, kwenye pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Maui, ambako watazamaji wanaweza kusimama juu ya genge na kuwaona wanamaji chini yao. Kwa hiyo tangu mwanzo ufundi huu ulipitia macho kabla ya kupitia maneno, na aliyetaka kuujua alikaa juu ya genge akatazama, kisha akashuka majini kuiga.

Video za mafunzo zimewapelekea genge hilo watu ambao hawatafika Maui maisha yao yote. Walimu kama Peter Hart na Jem Hall, wote wa Uingereza, waliugawa ufundi wa mawimbi katika hatua zinazoweza kutajwa na kurudiwa, na kanda ya Jem Hall iitwayo *Winner to Wavesailor* ilikusudiwa kwa yule ambaye tayari anamudu kasi lakini bado anaogopa kuingia penye mawimbi. Leo masomo ya aina hiyo yamejaa kwenye intaneti, na mtu anaweza kuutazama mgeuko mmoja mara hamsini kabla ya kulala. Swali linalostahili kuulizwa ni lile ambalo wauzaji wa masomo hayo hawana haraka ya kulijibu, nalo ni kiasi gani cha ufundi wa baharini kinapita kwenye kioo cha simu, na ni kiasi gani kinabaki majini.

Jibu la kwanza linatoka nje ya mchezo wenyewe. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Chicago, Michael Kardas na Ed O'Brien, walichapisha mfululizo wa majaribio ambamo watu waliona kwenye video mambo yanayohitaji ustadi, kama vile kuvuta kitambaa cha meza ghafla bila kuviangusha vyombo vilivyo juu yake, au kurusha mishale midogo kwenye shabaha. Waliotazama mara nyingi walijiamini zaidi kuliko waliotazama mara moja, lakini walipojaribu wenyewe hawakufanya vizuri zaidi. Jambo lenye manufaa zaidi kwa mwanamaji ni kwamba, katika jaribio lililohusu mchezo wa kurusha na kudaka vigogo vidogo kwa zamu, watu waliopewa nafasi ya kuvishika tu vigogo hivyo mkononi kwa muda mfupi walipungukiwa na ile hali ya kujiona wanaweza. Kitu kikishikwa hujieleza chenyewe. Uzito wake na umbo lake hukumbusha yale ambayo macho hayakuyaona.

Upungufu huo wa macho ni mkubwa zaidi katika ubao wa tanga kuliko katika michezo mingi, kwa kuwa nguvu inayouendesha haionekani. Mfano bora ni mgeuko ambao walimu wote huuhesabu kuwa moyo wa kupanda mawimbi, yaani mpindo wa chini, unaofanywa kwenye kitako cha wimbi ili mwendo wa kushuka ugeuzwe kuwa mwendo wa kupanda tena kuelekea mdomo wa wimbi, mahali ambapo maji yanakaribia kupinduka. Video huonyesha kwa uwazi umbo la mwili katika mgeuko huo: mkono wa nyuma umesogezwa mbali kwenye upau, mkono wa mbele umenyooka, magoti yamepinda, uzito umeingia kwenye vidole vya miguu, na tanga limelazwa mbele na chini kuelekea ndani ya mzunguko hadi linakaribia kugusa maji. Mwanafunzi mwangalifu anaweza kuyakariri hayo yote kwa jioni moja, na akifika majini akaona kwamba tanga halikubali kulala, au likilala humwangusha.

Sababu yake ni upepo unaohisiwa, ambao ni tofauti na upepo halisi. Mtu aliyesimama ufukweni huhisi upepo kama ulivyo, lakini chombo kinachokwenda huongeza au kupunguza upepo huo kwa mwendo wake chenyewe. Ikiwa upepo unavuma kilomita 36 kwa saa na ubao unashuka kwenye wimbi kwa kilomita 25 kwa saa kuelekea demani, yaani upande upepo unakokwenda, basi tanga hupokea kilomita 11 tu kwa saa, na kwa kitambo kifupi linakuwa jepesi kana kwamba upepo umekatika. Kitambo hicho ndicho kinachomruhusu bingwa alilaze tanga chini bila kushindana nalo. Mwanafunzi ambaye hakuteremka kwa kasi ya kutosha, kwa sababu aliogopa au kwa sababu alichelewa kulipata wimbi, bado ana tanga lililojaa upepo mikononi mwake, na umbo lilelile lililompendeza kwenye video sasa linampeleka majini kichwa mbele. Kosa lake halimo katika mkono wala katika goti, ingawa video, ikitazamwa juujuu, itamfanya alitafute huko; limo katika kasi, na kasi nayo ilitokana na uamuzi uliofanywa sekunde kadhaa kabla ya mgeuko kuanza.

Uamuzi huo ndio sehemu ya elimu hii ambayo wahariri wa video hupenda kuikata. Mawimbi yanayosafiri kutoka mbali hayafiki pwani kwa kulingana. Huja kwa makundi, mawimbi kadhaa makubwa yakifuatana, kisha hufuata kipindi cha maji madogo ambamo mtu anaweza kutoka nje bila kupigwa. Wimbi huanza kuvunjika linapoingia kwenye maji ambayo kina chake ni takribani mara 1.3 ya kimo cha wimbi lenyewe, ndiyo maana la mita 1 huvunjika karibu na ufuko na la mita 3 huvunjika mbali zaidi, na ndiyo maana mtu mzoefu, kwa kutazama povu la mawimbi yaliyopita, hujua wapi pa kuyasubiri yajayo na wapi pana mkondo wenye kina ambamo hayavunjiki. Juu ya hayo huchagua wimbi gani la kuliacha. Wengi wa wanaoanza hulirukia la kwanza katika kundi, wakianguka hukutwa na yote yanayolifuata, ilhali aliyeliacha la kwanza na la pili hupata wimbi ambalo nyuma yake huenda pasiwe na jingine kubwa.

Yote haya yanaonekana kwa macho, hivyo yanaweza kufundishwa kwa picha, pengine kuliko kitu kingine chochote katika mchezo huu. Hapa ndipo video ingekuwa mwalimu wa kweli, lakini mara nyingi haiwi, kwa sababu mtazamaji ana hamu ya kuona tanga likirusha maji hewani, na mtengenezaji humpa anachokitaka. Kipande cha sekunde 6 kinachoanza mwanamaji akiwa tayari kwenye kitako cha wimbi kimekwisha kuliondoa swali gumu na kubakiza jibu lake. Anayetaka kujifunza angefaidika zaidi na picha isiyokatwa ya dakika 10, ya mtu yuleyule akitoka, akisubiri, akigeuka, akiacha mawimbi mawili na kulichukua la tatu, hata ikiwa picha hiyo inachosha na haina muziki. Picha za namna hiyo zipo, hasa zile za mashindano zinazorushwa moja kwa moja, na inashangaza kwamba ni wachache wanaozitumia kama darasa.

Kuna ushahidi pia kwamba jicho lenyewe hukua pamoja na mwili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, Beatriz Calvo-Merino na wenzake mjini London waliwaonyesha wacheza baleti na wacheza kapoeira picha za miondoko ya aina zote mbili huku wakipima shughuli za ubongo, wakaona kwamba sehemu zinazohusika na kutenda ziliamka zaidi mtu alipoiona miondoko ambayo yeye mwenyewe anaimudu. Kwa mwanamaji maana yake ni kwamba video moja si kitu kimoja kwa kila anayeitazama. Somo ambalo halikusema lolote mwezi wa kwanza linaweza kusema mengi mwezi wa sita, baada ya mikono kuuonja uzito wa tanga, na kwa hiyo kulirudia baada ya kutoka majini kuna faida kuliko kulitazama mara nyingi kabla ya kuingia. Kwa sababu hiyohiyo si busara kwa anayeanza kujilisha kwa mabingwa peke yao. Tafiti za ujifunzaji wa harakati zimeonyesha kwamba kuwatazama mafundi pamoja na wanafunzi wanaokosea na kujisahihisha husaidia kuliko kuwatazama mafundi tu, kwa kuwa kosa humfundisha mtazamaji kutofautisha.

Suala la maneno yanayoandamana na picha lina historia inayouhusu mchezo huu moja kwa moja. Gabriele Wulf, mtaalamu wa ujifunzaji wa harakati mwenye asili ya Ujerumani, ameeleza kwamba wazo lililoongoza kazi yake ya miaka mingi lilimjia akiwa juu ya ubao wa tanga, akijaribu kugeuka kwa kasi na upepo nyuma. Alipoelekeza mawazo kwenye miguu yake, jinsi inavyoukandamiza ubao, au kwenye mahali pa mikono juu ya upau, alianguka kwa saa kadhaa. Alipoamua kuuwaza mwinamo wa ubao tu, alifanikiwa papo hapo. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha majaribio ya kwanza yaliyoonyesha kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi akiwaza athari ya harakati yake juu ya kitu cha nje kuliko akiviwaza viungo vya mwili wake, na majaribio mengi yaliyofuata katika michezo mingine yameelekea upande huohuo. Hata hivyo video nyingi za mafunzo, pengine kwa sababu picha inaposimamishwa huonyesha viungo kwa uwazi, bado hujaa maagizo kuhusu goti, kiwiko na kidole gumba. Mwanafunzi anaweza kuyatafsiri mwenyewe: badala ya "kunja goti la mbele" awaze ukingo wa ubao unaozama majini, na badala ya "nyoosha mkono" awaze ncha ya mlingoti ikielekea anakotaka kwenda.

Kamera nayo ina hila zake. Lenzi ya kuvuta mbali, inayotumiwa na mpigapicha aliye ufukweni, hukusanya umbali na kufanya mwanamaji aonekane yuko chini kabisa ya mdomo wa wimbi ilhali ana nafasi ya kutosha. Lenzi pana ya kamera ndogo inayofungwa kwenye mlingoti hufanya kinyume, ikalifanya wimbi refu lifanane na kilima cha watoto. Picha iliyopunguzwa kasi hufaa kwa kuchunguza umbo lakini huharibu hisia ya wakati, maana mgeuko wa sekunde 2 ukipunguzwa mara nne hugeuka kuwa wa sekunde 8, na aliyeuzoea hivyo huanza kila kitu kwa kuchelewa. Anayejifunza aanze na kasi halisi, apunguze anapotafuta jambo mahususi, kisha amalizie tena na kasi halisi.

Zaidi ya hila hizo kuna suala la upande, ambalo wanaojifunza peke yao husahau. Ho'okipa upepo wa kawaida hutoka kulia kwa mtu anayeitazama bahari, na Pozo Izquierdo, kwenye kisiwa cha Gran Canaria, ambako mapacha Daida na Iballa Ruano Moreno waliijengea familia yao jina katika mashindano ya dunia, upepo hutoka kushoto. Mguu wa mbele na mkono wa mbele hubadilishana kabisa, hivyo anayeishi penye upepo wa kushoto na kujifunza kwa picha za Maui inambidi aigeuze picha kama inavyoonekana kwenye kioo, jambo ambalo programu nyingi za simu huliweza. Pwani ya Afrika Mashariki ina bahati ya kupata yote mawili. Kwa kuwa bahari iko mashariki, kusi huvuma kutoka kulia na kaskazi kutoka kushoto, na mwanamaji wa Diani au wa Paje hubadili upande pamoja na misimu. Tofauti iliyopo ni kwamba pepo hizo mara nyingi huelekea pwani kwa mshazari, ilhali video nyingi za kuvutia zimepigwa mahali ambapo upepo huenda sambamba na ufuko. Mpindo wa chini katika upepo wa mshazari huwa mfupi zaidi, na aliyeiga mzunguko mpana wa Maui hujikuta amelipoteza wimbi na yuko mbele ya povu.

Kamera hutoa msaada wake mkubwa pale inapogeuzwa na kumtazama mwanafunzi mwenyewe. Mtu aliye majini hujiona amelilaza tanga chini kabisa, kumbe picha inaonyesha limeinama kidogo tu. Hujiona amechuchumaa, kumbe amesimama kama nguzo. Hakuna mwalimu wa mbali anayeweza kuuziba mwanya huo kati ya hisia na tendo, lakini rafiki mwenye simu ufukweni anaweza, mradi apige mfululizo tangu mwanafunzi anapoanza kulitafuta wimbi, na picha zitazamwe siku ileile hisia zingali mbichi. Kulishika tanga nchi kavu, ubao ukiwa juu ya mchanga na pezi lake limetolewa, nako kuna manufaa ya aina ileile iliyoonekana kwa wale walioshika vigogo huko Chicago, kwa kuwa mikono huanza kujua mambo ambayo macho yalidhani yameyajua.

Yako mambo ambayo hayafai kabisa kujifunzwa kwa picha, na la kwanza ni usalama. Kuogelea na kupumua katikati ya povu, pamoja na kutokuuacha ubao ambao ni boya la mwanamaji, hufundishwa na mtu aliye karibu. Katika pwani ya Tanzania na Kenya hatari ya mawimbi ina sura yake, kwa sababu mawimbi makubwa huvunjika kwenye miamba ya matumbawe mbali na ufuko, na wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo ambapo maji hujaa na kupwa kwa kiwango kikubwa zaidi, mahali palipokuwa na kina cha kutosha asubuhi panaweza kuwa mwamba mtupu baada ya saa sita. Basi anayekusudia kuyapanda mawimbi ya pwani hii kwa mara ya kwanza asiende peke yake, na kabla ya kutandaza tanga awaulize wavuvi wa mahali hapo maji yanapwa saa ngapi na mlango wa mwamba uko wapi, kwa maana habari hizo hazimo katika video yoyote iliyopigwa Maui.